Naomba ushauri: nipange vipi kumbukumbu za vinyonga wa Usambara?

Habari zenu ndugu zangu. Nafuatilia vinyonga wenye pembe mbili wa Usambara: rangi, urefu wa pembe, mwinuko, mti aliokutwa. Naandika kwa tarehe, kwa hiyo kulinganisha madume wa Amani (Usambara Mashariki) na wa Magamba (Usambara Magharibi) inabidi nifunue daftari zima. Mwanasayansi Charles Darwin alikuwa na majalada makubwa 30 hadi 40, kila mada na lake. Utaratibu mzuri sana, ila kinyonga mmoja anagusa mada mbili, umbo na eneo. Halafu majina hubadilika: hadi 2008 hawa wote walihesabiwa spishi moja, Kinyongia fischeri, leo wamegawanywa katika spishi kadhaa. Nikipanga kwa spishi, mgawanyo mwingine utanivurugia kila kitu. Nimpe kila mnyama namba yake, au nianze na mlima? Wenye uzoefu wa uwandani, ninyi mnafanyaje?