Tupeane uzoefu: mliofukua kashfa ya ukoo kwenye magazeti ya zamani na kumbukumbu za mahakama

Wakuu, kwetu kuna jina halitajwi: kaka yake babu. Ukiuliza, wazee wanageuza mazungumzo. Nilichorithi ni mnong'ono tu kwamba aliiba akafungwa. Nikaingia kwenye magazeti ya zamani yaliyowekwa mtandaoni. Kukamatwa kwake kulikuwa ukurasa wa mbele: jina, kazi, mtaa, kila kitu. Nikaendelea kupekua matoleo yaliyofuata, na chini ya matangazo ya biashara nikakuta mistari minne: mahakama imemwachia huru, ushahidi haukutosha. Hiyo hakuna aliyewahi kuisimulia nyumbani! Sasa siandiki neno kwenye historia ya ukoo kabla sijaona hukumu. Wenzangu mlipitia wapi?

Mchangiaji wa pili
Usitegemee jina peke yake. Kompyuta ikisoma karatasi iliyofifia inachanganya herufi, na magazeti mengi ya zamani yalimwandika mke kwa jina la mumewe. Bibi mzaa bibi nilimpata kwa kutafuta mtaa na kazi ya mume. Kumbe walishtakiana talaka. Kwenye Trove, hifadhi ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Australia yenye magazeti ya zamani, msomaji anaruhusiwa kusahihisha maandishi. Safu yote ya kesi yao nimeisahihisha ili ndugu wengine wamwone.

Mchangiaji wa tatu
Mwenye ndugu waliokaa London, kesi za Old Bailey, mahakama ya jinai ya huko, za 1674 hadi 1913 zinasomwa bure mtandaoni. Wa madeni atafute London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza. Wetu mmoja tuliambiwa alizama baharini. Tangazo la kufilisika kwake ni la baada ya huo msiba, tena lina anwani mpya.

Mchangiaji wa nne
Mimi niliweka vyeti viwili vya ndoa vya babu sambamba. Cha pili aliandikisha kuwa mgane, na mke wa kwanza alikuwa hai, jina lake lipo kwenye sensa ya baadaye. Shangazi yangu ni mtoto wa huyo mke, na bado yupo. Nilimweleza yeye kwanza, faragha, kabla ya ukoo mzima.

Mwanzisha mada
Shangazi alipokeaje, mkuu?

Mchangiaji wa nne
Aliomba nakala za vyeti vyote viwili. Alikuwa akijua tangu utotoni. Alichokosa ni karatasi ya kuwaonyesha waliomwita mwongo.