Naomba ushauri: siku moja Noto, Sicilia

Wakuu, habari zenu. Mwezi ujao nakwenda Catania kumtembelea dada, na nimebakiwa na siku moja tu ya Noto. Tetemeko la Januari 1693 liliubomoa mji wa zamani, wakajenga mwingine kilomita chache kutoka pale, kwa mawe ya rangi ya asali. Roshani za Palazzo Nicolaci, jumba la kifahari la hapo Noto, zimebebwa na simba na farasi wa kuchongwa; mimi fundi mwashi, hizo sikosi! Kuba la kanisa kuu nalo liliporomoka 1996, likajengwa upya.

Sasa, mchana nipande kwenye magofu ya Noto Antica (ule mji wa zamani) au niende Ragusa Ibla, sehemu ya kale ya mji wa Ragusa? Sina gari. Na kwa picha, jua la saa ngapi linafaa?