Naombeni ushauri: niende Kigali kuona Tour du Rwanda kwa macho yangu, au nibaki na simu?

Binti wa Kahama

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri kwa wanaozijua mbio za baiskeli. Siendeshi, mimi ni mtazamaji tu.

Nilianza kuzifuatilia Julai 2024, pale Biniam Girmay wa Eritrea aliposhinda hatua tatu (hatua ni mbio za siku moja) za Tour de France na kumaliza na jezi ya kijani, ile ya mwenye pointi nyingi. Siku ile ya Turin nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani. Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua kwenye mbio zile! Tangu hapo sijatulia. Septemba 2025 mashindano ya dunia yalipofika Kigali, mara ya kwanza kabisa kufanyika Afrika, wiki nzima nilikuwa nimeganda kwenye simu.

Sasa nataka Februari niende Tour du Rwanda pamoja na mpwa wangu wa miaka 12, ambaye tunatazama naye. Mume wangu hapingi, ila ameniuliza swali lililonishinda: "Utakaa juani tangu asubuhi, wapite kwa sekunde kumi, halafu iweje? Kwenye simu si unawaona mwanzo mwisho?" Kusema kweli ana hoja. Nisimame wapi ili safari iwe na maana? Nikiwa pale barabarani nitajuaje nani anaongoza? Na mtoto atakuwa salama?

Mkazi wa Nyamirambo

Karibu sana dada. Nakaa Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili kinasikika kila kona, kwa hiyo lugha isikutie hofu.

Shemeji yuko sahihi nusu. Ukisimama kwenye tambarare, kundi zima linapita kwa kasi ya kilomita 45 au 50 kwa saa, unasikia upepo na minyororo, ukigeuza shingo wameshaondoka. Ukifanya hivyo utarudi Kahama umenuna. Ila mbio hizi huwa na siku za kuzunguka ndani ya jiji la Kigali, na hizo ndizo za kwenu. Wanapita, wanazunguka, wanarudi tena na tena. Halafu uchague mlima. Kwenye mlima kasi inashuka, kundi linakatika vipande, unamwona mmoja mmoja: huyu mdomo wazi, yule ametulia kama hajaanza, mwingine anageuka nyuma kila mara kuangalia nani anakuja.

Ratiba ikipitia Kwa Mutwe, huku kwetu, usifikirie mara mbili. Ni kipande cha mawe cha kama mita 400, mwinuko wake wastani wa asilimia 11. Kwa miguu tu unahema. Wazungu wanapaita Mur de Kigali, maana panasimama kama ukuta. Ukikosa hapo nenda Kimihurura, nako ni mawe. Kwenye mashindano ya dunia, Mbelgiji Remco Evenepoel aliondoka dakika mbili na nusu nyuma ya Tadej Pogačar katika mbio za kushindana na saa, ambazo kila mtu huondoka peke yake, na akamfikia na kumpita pale pale Kimihurura. Pogačar, dada! Bingwa wa Tour de France anapitwa mbele ya macho ya watu kama mwanafunzi aliyechelewa shule. Mtu aliyesimama pale hataki tena kuambiwa habari za runinga.

Tiketi hakuna, barabara ni ya wote.

Mswahili wa Gent

Nipo Ubelgiji, na kila Aprili naenda kwenye kilima cha Oude Kwaremont kutazama mbio za Tour of Flanders. Nakuunga mkono uende, lakini swali lako la "nitajuaje nani anaongoza" ndilo la kushughulikia kwanza. Mtazamaji asiyejua hali ya mbio anaona watu wenye jezi za rangi wakipita, basi.

Fanya hivi. Chagua alama moja barabarani, nguzo au mti. Waliochomoka mbele wakiipita, washa saa ya simu. Kundi kubwa likifika kwenye alama ile ile, izime. Huo ndio mwanya. Mzunguko unaofuata pima tena. Kama ulikuwa dakika tatu na sasa ni mbili na sekunde ishirini, unajua wanafuatwa kwa nguvu. Hapo ndipo moyo unaanza kwenda mbio. Watu wote waliokuzunguka wataanza kukuuliza wewe.

Mtangazaji mmoja wa Ufaransa, Robert Chapatte, aliacha kanuni ambayo bado inatumika: kwenye tambarare, kundi lililokaza linaweza kula kama dakika moja kwa kila kilomita 10. Sababu ni upepo. Ndani ya kundi wanapokezana kuukata, na aliye nyuma ya mwenzake anatumia nguvu kidogo mno kuliko aliyetangulia. Aliyechomoka peke yake anaubeba upepo wote mwenyewe. Milima ya Rwanda inaivuruga kanuni hiyo, kwa kuwa kwenye mwinuko mkali kasi ni ndogo na kujificha nyuma ya mtu hakusaidii sana. Ndiyo maana Rwanda mtu akichomoka mlimani unaweza kumwamini.

Baiskeli Shinyanga

Mimi napinga kidogo, mnisamehe. Nimekulia kwenye baiskeli, hapa kwetu Shinyanga zinabeba mpaka abiria, kwa hiyo si kwamba siupendi mchezo. Fedha ya kwenda, kulala na kula kwa watu wawili si ndogo. Kwenye runinga unaona kila shambulio. Siku ya mbio za barabarani za wanaume pale Kigali, kilomita 267.5, Pogačar alianza kushambulia zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100. Aliyesimama Kwa Mutwe hakuliona shambulio lile, maana lilitokea kwenye mlima mwingine, Mont Kigali. Mimi niliyekuwa nyumbani nililiona lote. Dada, jiulize kama unataka kuelewa mbio au kusimulia kwamba ulikuwepo.

Mkazi wa Nyamirambo

Kaka wa Shinyanga, uliona shambulio, sawa. Je, uliuona mwinuko? Kamera inalaza milima. Sisi tuliokuwa barabarani tuliona mabingwa wa dunia hii wakishuka baiskeli na kuacha mbio mmoja baada ya mwingine. Waliomaliza siku ile ni 30 tu, wengi mno waliachia njiani. Kila mzunguko unahesabu nyuso, unakuta fulani hayupo tena. Runinga inamfuata anayeongoza. Yule wa mwisho, anayepanda peke yake huku gari la kuokota waliochoka likimnyemelea nyuma, runinga haikuonyeshi, na ndiye tuliyemshangilia kuliko wote.

Kijana wa Kikuyu

Salamu kutoka Kenya. Chris Froome alizaliwa Nairobi, na aliyemfunza kuendesha huku Kikuyu ni David Kinjah. Froome akaenda kushinda Tour de France mara nne. Mwaka 2023 alirudi Afrika Mashariki kushiriki Tour du Rwanda, nami nilipanda basi kwenda kumwona. Hakushinda chochote na wala sikujali.

Naongea hasa juu ya huyo mtoto, dada. Asubuhi, kabla mbio hazijaanza, mpeleke mahali pa kuondokea. Magari ya timu yanaegeshwa hapo, waendeshaji wanakaa nje wakipaka mafuta miguuni, mafundi wanakagua gia. Uzio unawekwa, lakini unawaona kwa karibu ambao kwenye mpira usingeota. Vijana wa timu ya Rwanda wanazungumza na watoto. Mwambie habari za Adrien Niyonshuti aliyewakilisha Rwanda kwenye Olimpiki ya London 2012, na za Valens Ndayisenga aliyeshinda Tour du Rwanda 2014 na 2016. Miaka ya karibuni Waeritrea wameichukua mara nyingi: Merhawi Kudus 2019, Natnael Tesfazion 2020 na 2022, Henok Mulubrhan 2023. Mtoto akiyajua majina kabla ya kufika, atakuwa na wa kumtafuta ndani ya kundi. Hilo linabadilisha siku nzima.

Usalama: barabara ikifungwa, msivuke hata kama inaonekana tupu. Pikipiki za polisi na magari ya msafara hutangulia na hufuata kwa kasi kubwa. Tena Rwanda magari yanapita kulia, sisi tumezoea kushoto, kwa hiyo hata siku za kawaida mtoto aangalie upande sahihi.

Mswahili wa Gent

Naongezea hapo. Mwaka 2021, hatua ya kwanza ya Tour de France, mtazamaji alinyoosha bango barabarani akitazama kamera badala ya mbio. Tony Martin akaligonga, na nusu ya kundi ikalala chini. Na mwaka 1999, kwenye mlima wa Alpe d'Huez katika Tour hiyo hiyo, mpiga picha alisimama katikati ya njia akamwangusha Giuseppe Guerini aliyekuwa anaongoza. Bahati akainuka na bado akashinda. Wakiwa wanakaribia, simu chini, mguu nyuma ya mstari. Watazame kwa macho.

Binti wa Kahama

Jamani nimesoma yote mara mbili na nimemsomea mume wangu. La kupima mwanya kwa saa ya simu limemkuna, ameniuliza kama wakishuka mlima hesabu inabaki ile ile! Nimeamua naenda siku za mwisho za mbio, za Kigali. Kaka wa Shinyanga, nimekuelewa, jioni nitatafuta marudio ili nijue yaliyonipita. Limebaki la njiani: nitapitia mpaka wa Rusumo kwa basi. Kuna la kujiandaa?

Mkazi wa Nyamirambo

Pasipoti kila mtu na yake, hata mtoto. Kwa kuwa ni mpwa, beba barua ya wazazi wake. Mifuko ya plastiki iache Tanzania, huku ni marufuku. Saa yetu iko nyuma ya yenu kwa saa moja, kwa hiyo rekebisha simu, la sivyo mtafika Kwa Mutwe kabla hata ya askari. Na makoti ya mvua mawili, maana Februari mvua ya hapa haipigi hodi. Ukivuka Rusumo andika hapa, nikuelekeze pa kushukia.