Familia ya Bibi, Muheza: dawa za wiki hii

*Hidaya:* Shikamooni wakubwa. Shangazi Rukia, Nuru amepewa dawa ya kifua zahanati. Nimefika nyumbani nafungua chupa, unga mtupu! Wamesema niongeze maji. Kiasi gani?

*Rukia:* Marahaba mwanangu. Ni amoksilini? Angalia ubavuni mwa chupa, kuna mstari au mshale.

*Hidaya:* Ndiyo hiyo. Mstari upo.

*Rukia:* Chemsha maji, yaache yapoe kabisa. Igongegonge chupa kwenye kiganja unga ulioganda uachie. Tia maji kama nusu ya kufika mstarini, funika, tikisa. Povu likishuka ndipo ujazie hadi kwenye mstari. Ukijaza povu likiwa juu utadhani yamefika, kumbe maji pungufu na dawa imekuwa kali kuliko ilivyoandikwa.

*Hidaya:* Nikitumia ya moto si itayeyuka upesi?

*Rukia:* Hapana, joto linaiharibu. Halafu andika tarehe ya leo kwenye chupa. Nyingi za aina hiyo zikishachanganywa ni siku 7, soma lebo. Itakayobaki mwaga, usimwekee kikohozi kijacho. Na kila unapompa tikisa kwanza. Dawa inazama chini; usipotikisa, siku za mwanzo anakunywa maji, za mwisho anakunywa dawa tupu.

*Hidaya:* Wameandika 5 ml. Kijiko cha chai si sawa?

*Rukia:* Vijiko vya majumbani havilingani. Tumia kikombe kidogo cha kipimo kilichokuja na chupa, au nunua bomba la sindano la 5 ml bila sindano yake. Mkalishe, usimlaze. Bomba lielekee shavuni, umpe kidogo kidogo. Usimbane pua. Na usiimimine kwenye chupa nzima ya maziwa, akiacha nusu hutajua amepata kiasi gani.

*Iddi:* Dada, wa kwangu alipewa amoksilini ya vidonge, akawekewa kwenye kijiko cha maji vikayeyuka palepale.

*Rukia:* Vya kuyeyusha hivyo. Hata maziwa ya mama yaliyokamuliwa yanafaa. Mimi navipenda, havina habari ya kupima maji wala chupa kuharibika. Mseto wa malaria wa watoto nao upo wa hivyo.

*Mama Salma:* Afadhali umesema. Mimi vya mama vyote navisaga kwenye kinu cha iliki, natia kwenye uji wake wa asubuhi. Kumeza anasema vinamkwama.

*Rukia:* Vyote, dada? Hata cha presha?

*Mama Salma:* Vyote.

*Rukia:* Nipigie picha ya kila paketi sasa hivi, tafadhali.

*Mama Salma:* [picha 3]

*Rukia:* Aspirini 75, sawa. Metformin 500 ya sukari, ni ya kawaida, inasagika ingawa ni chungu. Ila hii ya presha, nifedipine 20, soma neno linalofuata: retard. Hiyo USISAGE. Wala usiikate.

*Iddi:* Tofauti yake nini, si tumboni inasagika vilevile?

*Rukia:* Haisagiki hivyo. Kimetengenezwa kiachie dawa polepole kwa saa nyingi, ndiyo maana anameza asubuhi na jioni tu. Ukikisaga, dawa yote inaingia mwilini kwa mkupuo. Presha inaporomoka ghafla, moyo unakwenda mbio, kichwa kinauma, mtu anaona kizunguzungu. Halafu jioni haijafika dawa imekwisha na presha inapanda tena. Mzee wa miaka 78 akianguka bafuni nyonga inavunjika.

*Mama Salma:* Subhanallah. Kizunguzungu anacho kweli! Kila akimaliza uji anataka kulala, na mimi nikasema ni sukari.

*Rukia:* Inawezekana ndiyo hiyo, inawezekana kuna lingine, kwa hiyo apimwe. Ile mashine ya presha ipo? Mpime sasa akiwa amekaa, mkono juu ya meza, asiongee.

*Mama Salma:* 134 kwa 76.

*Rukia:* Vizuri. Sasa usimwachishe dawa kwa sababu yangu. Cha jioni ajaribu kumeza kizima: akae wima, apige funda la maji kwanza koo lilowe, kidonge katikati ya ulimi, maji tena, kidevu akiinamishe kidogo. Sisi huinua kichwa juu kama kuku anakunywa maji, na hapo ndipo koo linapobana. Kapsuli ndiyo hasa ya kuinamisha kichwa, maana ni nyepesi, inaelea. Kikikataa usikisage, nipigie, na mimi nitampigia daktari wake.

*Iddi:* Na kliniki?

*Rukia:* Lazima. Daktari aambiwe wazi kwamba hawezi kumeza. Kuna dawa nyingine za presha zinazosagika, amlodipine mojawapo, lakini kubadilisha ni kazi yake yeye. Dada, chakula je? Nyama, ugali vinapita?

*Mama Salma:* Ugali unapita. Nyama siku hizi anaacha, mimi nikadhani meno.

*Rukia:* Basi na hilo asemewe. Koo liangaliwe. Na jamani, tuzoee kuuliza palepale dirisha la dawa: kinamezwa, kinayeyushwa, kinawekwa chini ya ulimi? Mkiona SR, XR au retard kwenye paketi, yaani kidonge cha kuachia dawa polepole, msikivunje mpaka muulize. Wanaume mnisamehe, ila kuna vidonge vya fangasi vya kuwekwa ukeni, na kinamama wanavimeza kwa sababu waliona haya kuuliza mbele ya foleni. Haya hizo zinaniuma sana. Mtu anatumia dawa wiki nzima na maradhi yako palepale.

*Hidaya:* Asante shangazi kwa kulisema.

*Mjomba Shaban:* Asalaam aleikum wanangu. Na mimi ya macho. Nimepewa chupa mbili za presha ya macho, natia matone matatu matatu ili yasipungue.

*Rukia:* Waaleikum salaam, shikamoo mjomba. Tone moja linatosha, jicho halibebi zaidi, mengine yanatiririka shavuni. Vuta kope ya chini, dondosha, fumba, kisha bana kwa kidole pembe ya jicho iliyo karibu na pua dakika moja au mbili, dawa isishukie puani. Kabla ya chupa ya pili subiri dakika 5. Umezifungua lini?

*Mjomba Shaban:* Marahaba. Moja kabla ya Ramadhani.

*Rukia:* Hiyo itupe, mjomba. Nyingi zikifunguliwa ni wiki 4 tu. Mwone daktari akuandikie nyingine kesho, usikae bila dawa.

*Mama Salma:* Mama amemeza! Kizima, kwa maji nusu bilauri. Amekohoa kidogo kikapita.

*Rukia:* Alhamdulillah. Mpime tena asubuhi kabla ya uji, uniandikie.

*Iddi:* Jumatatu nampeleka mimi kwa bajaji, saa 1 tuwe tumefika. Mama Salma niwekee daftari lake la kliniki na paketi zote, hata zilizokwisha.

*Mjomba Shaban:* Iddi, unipitie na mimi.