Rangi nyeusi ya kuoka haiivi tangu tubadilishe disipesanti, nyeupe haina shida. Naomba ushauri

Msagaji
Habari zenu wakuu. Nahitaji msaada wa wenye uzoefu na rangi za viwandani.

Tunatengeneza rangi ya kuoka kwa ajili ya vyuma. Resini (kiungo kinachotengeneza utando) ni poliesta yenye haidroksili, inaunganishwa na melamini (kiungo kinachoifunga iwe ngumu ikiokwa), na kichocheo ni asidi ya paratoluini sulfoniki, asilimia 0.5 ya resini kavu. Inaokwa nyuzi 140 kwa dakika 20. Hivi karibuni tumebadilisha disipesanti (kemikali inayotawanya punje za rangi zisishikane) na hii mpya ni ya polima. Kwenye kusaga inafanya kazi nzuri kwelikweli: kaboni nyeusi inalainika upesi, geji ya Hegman (ya kupimia ulaini wa usagaji) inasoma chini ya mikroni 5, weusi umekolea na mng'ao umepanda.

Shida inaanza rangi ikitoka kwenye oveni. Utando wa nyeusi ni laini, ukucha unaacha alama, na ukisugua kwa kitambaa chenye MEK (kiyeyusho cha methili ethili ketoni) unafutika mapema mno. Nyeupe ina resini ileile, kichocheo kilekile na disipesanti hiyohiyo, lakini inaiva.

Joto limepimwa kwenye bati lenyewe, siyo hewa ya oveni, na liko sawa. Melamini ni ya bechi ileile. Mwenzangu wa maabara anashikilia kwamba disipesanti haihusiki, eti kazi yake inaishia kwenye mashine ya kusagia. Mnaonaje?

Bati Safi
Mkuu, jaribu kupandisha hadi nyuzi 160. Kama itaiva, basi umepata jibu.

Mkemia wa Rangi
Bati Safi, hilo ni jaribio zuri, ila halitoshi kuwa dawa. Likifaulu litatuambia kwamba mmenyuko umepungua kasi, halituambii nani kaupunguza. Na mteja mwenye oveni ya nyuzi 140 hatabadilisha oveni kwa ajili yetu.

Msagaji, kabla sijasema zaidi nipe vitu vitatu: namba ya amini ya hiyo disipesanti (kiasi cha vikundi vyake vya amini, ambavyo ni besi), asilimia ya kiungo hai ndani yake, na eneo la uso la kaboni unayotumia. Vyote viko kwenye karatasi za maelezo ya bidhaa.

Msagaji
Asante mkuu. Namba ya amini ni miligramu 20 za KOH (haidroksidi ya potasiamu) kwa gramu ya bidhaa kama ilivyo kwenye pipa. Kiungo hai ni asilimia 50. Kaboni ina mita za mraba 240 kwa gramu. Kwenye kilo moja ya rangi nyeusi ninayo gramu 30 za kaboni na gramu 29 za disipesanti. Nyeupe ina gramu 250 za titani dioksidi na gramu 12 za disipesanti. Resini kavu ni kama gramu 450 kwa zote mbili.

Mkemia wa Rangi
Hapo sasa tunaweza kuongea kwa hesabu.

Disipesanti ya polima ina sehemu mbili. Kuna vikundi vya kushikia, vinavyong'ang'ania uso wa punje, halafu kuna minyororo mirefu inayojitandaza ndani ya resini na kuzuia punje zisirudi kushikana. Uso wa kaboni nyingi una asidi, kwa hiyo waundaji huweka vikundi vya amini ili vishike vizuri. Ndiyo sababu umeona nyeusi yako ikisagika upesi.

Tatizo ni kwamba kichocheo chako ni asidi, na amini haichagui asidi ya kukutana nayo. Asidi iliyokutana na amini inakuwa chumvi, na chumvi hiyo haichochei melamini kama asidi huru, hasa joto likiwa la wastani.

Hesabu za nyeusi: gramu 29 mara 20 ni miligramu 580 za KOH, ambazo ni kama milimoli 10 za amini (milimoli ni kipimo cha idadi ya molekuli). Kichocheo chako, asilimia 0.5 ya gramu 450, ni gramu 2.25, yaani milimoli 13 za asidi. Kwa hiyo karibu asilimia 80 ya asidi inaweza kufungwa kabla bati halijaingia kwenye oveni.

Za nyeupe: gramu 12 mara 20 ni miligramu 240, milimoli 4 na kitu. Hiyo inafunga theluthi moja ya asidi. Inayobaki inatosha kuivisha.

Hicho ndicho kiwango cha juu, maana sehemu ya amini imeshalala kwenye uso wa kaboni na haifikiwi kwa urahisi. Hata hivyo tofauti ya nyeusi na nyeupe haihitaji maelezo mengine kwanza. Kaboni inataka disipesanti nyingi kwa sababu ya uso wake mpana: kanuni inayotumika sana ni miligramu 2 za kiungo hai kwa kila mita ya mraba. Titani yenye mita 12 hivi kwa gramu inaridhika na asilimia 2.4 ya uzito wake. Kaboni yako inadai asilimia 48. Mwenzako wa maabara umwonyeshe hizo namba, kwa heshima tu.

Msagaji
Nimeelewa. Sasa nitathibitishaje kabla ya kugusa fomula?

Mkemia wa Rangi
Tengeneza vanishi isiyo na pigmenti (punje za rangi) kabisa: resini, melamini na kichocheo. Gawa mara mbili. Moja iache hivyo, nyingine itie disipesanti kwa kiwango kilekile cha nyeusi. Oka pamoja, sugua kwa MEK. Ikilegea ile yenye disipesanti, kaboni imeondolewa kwenye orodha ya washukiwa. Kumbuka tu kwamba bila pigmenti disipesanti yote iko huru, kwa hiyo athari itaonekana kubwa kuliko ilivyo kwenye rangi.

Kisha chukua nyeusi yenyewe, ongeza kichocheo, oka. Hapa usiangalie kipimo kimoja. Kama uvumilivu wa MEK na ugumu unaopimwa kwa pendulamu vyote vinarudi, shida ilikuwa asidi iliyofungwa. Kama MEK inarudi na ugumu haurudi, basi minyororo ya disipesanti yenyewe inalainisha utando, kwa sababu ni kiungo laini ambacho mara nyingi hakiungani na mtandao wa melamini. Kwa kipimo kikubwa kama chako, huenda ukakuta yote mawili kwa pamoja.

Dada Epoksi
Niongezee kwa wanaotumia rangi za mchanganyiko wa viwili, maana huko mambo yanaweza kugeuka. Kwenye epoksi na hadina (kigumushi) ya amini, disipesanti yenye asidi ndiyo ya kuogopa: inafunga sehemu ya hadina. Yenye amini ya tatu (ya daraja la tatu) nayo inaweza kuamsha epoksi, ndoo ya sehemu A (yenye epoksi) ikawa nzito ikiwa bado ghalani. Kwenye poliurethani, amini ya tatu huharakisha mmenyuko wa isosayaneti (kigumushi chake), muda wa kutumia rangi ukafupika mkononi mwa mpulizaji. Na kama disipesanti ina haidroksili au amini ya kwanza na ya pili, inakula isosayaneti iliyopimwa kwa ajili ya resini. Usihamishe disipesanti kutoka rangi moja kwenda nyingine kwa sababu tu ilisaga vizuri.

Rangi Nzito
Swali la pembeni wakuu. Mimi natengeneza alkidi ya kukauka kwa hewa. Nyeusi inakauka vizuri ikiwa mpya, ikikaa ghalani inachelewa. Ni mambo hayohayo?

Dada Epoksi
Ndugu, hapo mshukiwa wa kwanza ni kaboni yenyewe. Uso wake unanyonya kobalti polepole, kikaushio kinapungua ndani ya kopo. Disipesanti iliyofunika uso vizuri inasaidia kupunguza hilo, kwa hiyo kwako kiwango kidogo mno ndicho huenda kinaumiza. Lakini nayo ukiizidisha, hasa lesithini, utando unabaki unanata.

Msagaji
Nimerudi na majibu. Vanishi yenye disipesanti imefutika mapema, isiyo nayo imesimama. Nyeusi niliyoiongezea kichocheo imerudisha MEK karibu yote, ugumu umerudi kwa sehemu. Je, niongeze tu kichocheo nimalize?

Mkemia wa Rangi
Kazi safi. Kuongeza kichocheo kungekuwa chaguo langu la mwisho. Asidi ya ziada inabaki ndani ya utando, na kwenye unyevunyevu inasaidia maji kuvunja viungo vya melamini. Pia rangi inaweza kuzidi kuwa nzito ikiwa ghalani.

Anza na kipimo cha disipesanti. Ile kanuni ya miligramu 2 ni mahali pa kuanzia tu. Saga sampuli kadhaa kwa viwango vinavyoshuka na upime mnato wa kila moja. Mnato hushuka kadiri unavyoongeza disipesanti, ukafika chini kabisa, halafu ukatulia au ukaanza kupanda. Kaa pale chini. Kila kilichozidi hapo kinaelea bure, na hicho ndicho kinachofikia asidi kwanza. Ukishapunguza, hakikisha weusi haurudi nyuma baada ya rangi kukaa kwenye joto.

Isipotosha, muulize msambazaji disipesanti yenye namba ya amini ya chini, au ambayo amini zake zimefanywa kwatenari (nitrojeni imeshaunganishwa na vikundi vinne). Hizo hazifungi asidi kwa njia hii. Nisingekimbilia zenye vikundi vya asidi peke yake, kwa kaboni mara nyingi zinashika vibaya.

Ukichagua, loweka bati lililookwa kwenye maji, kisha fanya jaribio la kushika kwa kukata miraba na kubandua kwa selotepu. Disipesanti iliyozidi mara nyingine hukimbilia kwenye uso wa chuma, na bati kavu halikuonyeshi hilo.

Msagaji
Naanza na ngazi ya vipimo kesho asubuhi. Majibu ya kuloweka nitayaweka hapahapa. Asanteni sana.