Mfumo wa akili mnemba ukimnyima mwanachama mkopo, nani ana wajibu wa kumpa sababu?

Katibu_Tanga aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni katibu wa bodi ya SACCOS, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, ya wafanyabiashara wadogo hapa Tanga. Kampuni moja imetuletea mfumo wa akili mnemba unaosoma miamala ya fedha za simu ya mwombaji, ununuzi wake wa vocha na historia ya marejesho yake, kisha unampa alama kuanzia sifuri hadi mia. Anayepata pungufu ya alama tuliyoiweka hukataliwa papo hapo, na faili lake halifiki kwenye kamati ya mikopo. Bodi imevutiwa, kwa kuwa mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, imetuelemea na kamati yenyewe inanung'unikiwa kwa upendeleo.

Katika majaribio, mama mmoja muuza samaki ambaye hajawahi kuchelewesha rejesho alikataliwa. Mwakilishi wa kampuni alitujibu kwamba mfumo ndivyo ulivyoona, na kwamba vigezo ni siri ya biashara. Mama alipofika dirishani kuulizia ombi lake, karani hakuwa na la kumwambia zaidi ya "mfumo umekataa". Je, ni halali, na hata kama ni halali, ni haki chama cha ushirika kumjibu mwanachama wake hivyo?

Afisa_Mikopo_Mstaafu alijibu:

Ndugu Katibu, kabla ya kufika kwenye haki na sheria, muulizeni kwanza huyo mama laini anayotumia imesajiliwa kwa jina la nani. Nimefanya kazi ya mikopo miaka mingi, na ninajua wanawake wengi wa biashara ndogo ambao, wakati usajili kwa alama za vidole ulipoanza, hawakuwa na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, wakasajiliwa na mume au mtoto. Fedha zote za genge lake zinapita kwenye jina la mtu mwingine, na kwenye jina lake yeye mfumo unaona mtu asiye na kipato. Zaidi ya hapo, samaki wa mnadani hununuliwa alfajiri kwa fedha taslimu, na wateja wake wengi wa mtaani humlipa mkononi. Kinachobaki kwenye simu ni vijisenti vya kumtumia mjukuu nauli ya shule.

Mfumo haukumdanganya mtu, umesoma ulichopewa. Kosa la kimaadili ni la aliyeamua kwamba kisichoonekana kwenye simu hakipo, ilhali daftari la chama chenu wenyewe lina marejesho yake yote. Afisa mzuri wa mikopo alikuwa akienda kwenye biashara, akihesabu ndoo na kumuuliza jirani, na kazi hiyo haijapata mbadala, hata kama leo inaonekana ya kizamani.

Takwimu_Dodoma alijibu:

Mzee amesema kweli, nami ningependa kuongeza jambo ambalo wauzaji wa mifumo hii hawapendi kuligusa. Mfumo hujifunza kutokana na mikopo iliyopita, na mikopo iliyopita ni ya watu waliokubaliwa tu. Waliokataliwa na kamati yenu miaka yote hawana kumbukumbu ya kulipa wala ya kutolipa, kwa sababu hawakupewa nafasi. Kwa hiyo kama kamati ilikuwa na mazoea ya kuwakwepa wanawake wasio na hati ya nyumba, mfumo utaendeleza mazoea hayo kwa kasi zaidi, na hakuna atakayeyaita upendeleo, maana sasa yana sura ya hesabu.

Amazon walipatwa na jambo la aina hiyo. Shirika la habari la Reuters liliripoti mwaka 2018 kwamba walikuwa wameachana na programu ya kuchuja waombaji kazi, kwa sababu ilijifunza kutokana na wasifu uliotumwa na waombaji kwa miaka 10, mwingi ukiwa wa wanaume, ikaanza kushusha alama za waombaji wanawake. Hakuna aliyeiagiza ifanye hivyo.

Ulizeni pia data ya mafunzo ilitoka wapi. Mfumo uliofundishwa kwa mishahara ya mwisho wa mwezi ya Dar es Salaam ukipelekwa Mtwara utamwona mkulima wa korosho kama mtu aliyefilisika, kwa sababu fedha zake huingia msimu wa minada na miezi mingine simu yake iko kimya.

Mwanachama_Mwanza alijibu:

Samahani wakuu, mnaisifu sana kamati. Kwetu, ukitaka mkopo upite ilikubidi umjue mtu au utoe chochote. Mashine haina shemeji. Mimi ningechukua mfumo leo hii, mradi kuwe na mlango wa kukata rufaa.

Wakili_Nairobi alijibu:

Mlango huo, ndugu wa Mwanza, tayari upo kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kutaka uamuzi unaomwathiri kwa kiasi kikubwa usitegemee mitambo peke yake. Kwetu Kenya haki hiyo imo katika kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mwathiriwa anaweza kuomba uamuzi uangaliwe upya.

Msidhani mtakwepa kwa kumweka karani abonyeze "kubali" au "kataa" baada ya mfumo kutoa alama. Tarehe 7 Desemba 2023, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri lililoihusu kampuni ya Ujerumani iitwayo SCHUFA, iliamua kwamba kule kukokotoa alama kwenyewe ni uamuzi wa kimtambo, endapo mkopeshaji anaitegemea alama hiyo kwa kiasi kikubwa. Hukumu hiyo haiwafungi Tanzania wala Kenya, ila hoja yake ni nzito, na mimi ningeitumia mahakamani bila kusita.

Kuhusu "siri ya biashara": siri hiyo ni kati yenu na kampuni, mwanachama hakuitia saini.

Katibu_Tanga aliandika:

Ahsanteni sana. Tumemuuliza mama, na kweli laini ni ya mwanawe. Swali moja kwa Wakili: kampuni ikigoma kutupa vigezo, tukubali mkataba wenye sharti lipi?

Wakili_Nairobi alijibu:

Msiombe kanuni nzima ya hesabu, maana hata mkipewa hamtaielewa. Takeni kila alama iambatane na sababu kuu zilizoishusha, kwa Kiswahili ambacho karani anaweza kumsomea mwanachama dirishani. Andikeni kwamba kila ombi lililokataliwa linakwenda kwenye kamati, na kwamba kamati ina mamlaka ya kutengua na kuandika kwa nini imetengua. Elezeni pia data ya wanachama itatunzwa wapi na itafutwa lini mkataba ukiisha. Kampuni isiyoweza kutaja sababu za alama zake yenyewe msitie nayo saini.