Je, kuishi jirani na watu wa utamaduni mwingine kunatosha kuondoa dhana tulizonazo juu yao?

Mleta mada:
Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo yenu. Kwa miaka mitatu sasa ninaishi katika jengo ambalo karibu nusu ya wakazi wake ni watu wa asili, lugha na imani tofauti na zangu. Nilipohamia nilikuwa na kasumba nilizozisikia tangu utotoni: kwamba watu hao ni wasiri, kwamba hawapendi kuchanganyika na kwamba hawajali mali ya wote. Nilidhani muda ungezifuta zenyewe. Kumbe hadi leo tunasalimiana kwenye ngazi na kila mtu anafunga mlango wake, na mmoja wao akisahau kufunga lango la nje najikuta nikisema moyoni, "Si ndivyo walivyo?", ingawa watu wa kwetu hulisahau mara nyingi zaidi na sijawahi kuwalaumu wote kwa pamoja. Je, kasoro ni yangu, au ujirani peke yake hautoshi? Na mtu aanzie wapi bila kuonekana mdaku?

Mchangiaji wa kwanza:
Kasoro si yako peke yako, ndugu mleta mada, na swali lako limechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1951 Morton Deutsch na Mary Evans Collins walichapisha utafiti kuhusu nyumba za umma nchini Marekani. Katika miradi miwili ya New York familia za Weupe na za Weusi ziligawiwa nyumba bila kujali rangi, zikawa zinapakana mlango kwa mlango. Katika miradi miwili ya Newark kila kundi lilitengewa majengo yake. Wanawake Weupe walioishi katika majengo ya mchanganyiko walikuwa na urafiki mwingi zaidi na majirani zao Weusi, na mtazamo wao ulikuwa mwema zaidi kuliko wa wenzao waliotengwa. Kwa hiyo ukaribu una nguvu, lakini nadhani nguvu hiyo hutokana na yale ambayo ukaribu huwalazimu watu kuyafanya pamoja, na ninyi mmefanikiwa kuyakwepa yote isipokuwa salamu.

Mwanasaikolojia Gordon Allport, mwaka 1954, alitaja masharti manne ya kukutana kunakopunguza chuki: watu wawe na hadhi sawa katika shughuli hiyo, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na wenye mamlaka au desturi za mahali hapo ziunge mkono jambo hilo. Mwaka huohuo mwanasaikolojia mwingine, Muzafer Sherif, aliwapeleka wavulana 22 kambini Oklahoma, akawagawa makundi mawili na kuyashindanisha mpaka wakachukiana, ilhali wote walikuwa wa rangi na dini moja. Kisha aliwakutanisha tu, kwa chakula na kutazama filamu, na matokeo yake yakawa matusi na kurushiana vyakula. Walianza kupatana pale maji ya kambi yalipokatika na ikabidi watafute tatizo kwa pamoja, na lori lilipogoma kuwaka wakalivuta wote kwa kamba ileile waliyokuwa wameitumia katika shindano la kuvutana. Maelezo ya kamba hiyo hunifurahisha kila niyasomapo.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba usitafute mazungumzo kuhusu tamaduni. Tafuta kazi ambayo jengo lenu linaihitaji na ambayo upande mmoja hauwezi kuimaliza.

Mchangiaji wa pili:
Mimi niko upande wa pili wa mlango huo, yaani mimi ndiye "wale" katika mtaa ninaoishi, kwa hiyo niruhusu niseme jambo ambalo tafiti hazilihisi. Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza, na nimeishi ndani ya methali hiyo: nikikosea, watu wetu wote wamekosea, nikifanya vyema, naambiwa kwa nia njema kabisa kwamba mimi si kama wenzangu. Huchosha kuwa balozi usiyeteuliwa. Jirani aliyewahi kunifikia kweli hakuanza na "ninyi huwa mnafanyaje?" Aliniomba nimsaidie kusogeza kabati. Yule anayekuomba msaada amekwisha kukuhesabu kuwa mtu wa kutegemewa, na kwangu hilo lilikuwa na uzito kuliko maswali yote ya heshima niliyowahi kuulizwa.

Mchangiaji wa tatu:
Nakubaliana nanyi, ila tusiahidi kupita kiasi. Salma Mousa alichapisha mwaka 2020 matokeo ya jaribio lake nchini Iraki, ambako Wakristo waliokimbia vita waliwekwa katika timu za soka, baadhi zikiwa na wachezaji Waislamu. Waliochanganywa walikuwa tayari zaidi kuendelea kufanya mazoezi na Waislamu, hata miezi kadhaa baada ya ligi kwisha. Lakini nje ya uwanja, kwa Waislamu wasiowafahamu, mabadiliko hayakuonekana kwa uwazi kama huo. Moyo hujua kumtoa rafiki mmoja katika kundi na kuliacha kundi pale lilipokuwa. Hili ndilo alilolisema mchangiaji wa pili kuhusu kuambiwa "wewe si kama wenzako", na ndiyo sababu jirani mmoja hatoshi: jitahidi uwafahamu kadhaa, wanaotofautiana wao kwa wao, mpaka neno "wao" lishindwe kuwabeba.

Mleta mada:
Nawashukuru sana. Nimesoma majibu haya mara mbili, nikagundua jambo la aibu: simjui kwa jina hata mmoja wa majirani hao. Taa ya ngazi yetu imeungua tangu mwezi uliopita, na naamini kila upande unaungoja ule mwingine. Kesho jioni nitagonga mlango wa jirani wa ghorofa ya pili nimwombe anishikie ngazi ya kupandia, kisha tuwaite wengine tuzungumzie lango.

Mchangiaji wa pili:
Vyema. Jina lake muulize kabla hujapanda.